Nyumba Kwanza au Familia Kwanza? Fleti ya Kwanza ya Mwafrika Mashariki Anayehamia Ujerumani

Mkanganyiko ulikoanzia

Tarehe 13 Septemba 2024, jijini Berlin, Musalia Mudavadi kwa niaba ya Kenya na Nancy Faeser kwa niaba ya Ujerumani walitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Wino haujakauka, habari zikaenea kwamba Wakenya 250,000 wamefunguliwa mlango. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: makubaliano hayana idadi wala mgawo wowote, na kila mwombaji atapimwa kwa masharti yale yale ya sheria ya uhamiaji.

Suala la idadi likatulia. Lililobaki, na ndilo linalowakosesha usingizi wauguzi, mafundi na wataalamu wa kompyuta ambao tayari wana mkataba wa kazi mkononi, ni la nyumba. Mmoja anashauriwa asiondoke bila mwenzi wake na watoto, maana ndoa ya simu haidumu. Mwingine anaambiwa atangulie peke yake, kwa kuwa hakuna mwenye nyumba atakayempa fleti mtu aliyeko Nakuru au Mwanza. Wa tatu anahakikishiwa kwamba mwajiri atamaliza kila kitu. Wa nne anaonywa aikimbie miji mikubwa. Kila ushauri una ukweli ndani yake, kwa sababu umetoka kwa mtu aliyeufuata ukamfaa. Ila kila mmoja una gharama zake, na aghalabu anayezibeba si yule anayeutoa.

Ili kuupima ushauri huo, lazima kwanza ieleweke kwa nini nyumba ni ngumu kupatikana katika nchi inayolia kila siku kwamba inahitaji wafanyakazi.

Soko linalomlinda aliye ndani

Ujerumani ni nchi ya wapangaji. Zaidi ya nusu ya wakazi wake wanaishi katika nyumba za kupanga, kiwango kikubwa kuliko popote katika Umoja wa Ulaya, na sheria imewawekea ulinzi mzito. Mkataba wa kawaida hauna tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa kuwa tu amepata anayelipa zaidi. Anahitaji sababu inayotambuliwa na sheria, kwa mfano kuitaka nyumba akae mwenyewe au jamaa yake wa karibu. Notisi yake huanzia miezi mitatu na kufikia tisa kwa mpangaji aliyekaa zaidi ya miaka minane. Amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu.

Dar es Salaam, mwenye nyumba hujikinga kwa kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mapema. Nairobi, wapo wanaojikinga kwa kumtuma keretaka akapige kufuli mlangoni tarehe ikipita. Ujerumani njia zote mbili zimezibwa. Kinga iliyobaki ni kuchagua kwa makini nani aingie, na uchaguzi huo hufanywa kwa karatasi: hati tatu za mwisho za mshahara, ripoti ya Schufa inayoonyesha kama mtu hulipa madeni yake, barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hadaiwi, na nakala ya kibali cha kuishi.

Mgeni hana hata moja kati ya hizo. Anaweza kuwa amelipa kodi bila kukosa kwa miaka kumi kule Kasarani, lakini rekodi yake haivuki mpaka. Sheria ile ile itakayomlinda akishaingia ndiyo inayoufanya mlango uwe mzito kabla hajaingia. Hapo ndipo penye mzizi wa tatizo zima, na ndipo mikakati yote minne inapopaswa kupimwa.

Juu ya hilo kuna uhaba. Serikali ya muungano iliyoingia madarakani mwaka 2021 ilijiwekea lengo la nyumba mpya 400,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 zilikamilika takriban 294,000. Mwaka 2024 zikashuka hadi takriban 252,000. Nyumba za kodi nafuu zinazosimamiwa kwa ruzuku ya umma zimepungua kutoka zaidi ya milioni 2 mwaka 2006 hadi karibu milioni 1.1. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti kodi, ambayo muda wake umeongezwa hadi mwisho wa 2029, inazuia kodi ya mkataba mpya, katika maeneo yaliyotangazwa rasmi kuwa na uhaba wa nyumba, kuzidi wastani wa eneo kwa zaidi ya asilimia 10, lakini haizigusi nyumba zilizoanza kutumika baada ya Oktoba 1, 2014. Matokeo yake ni kwamba aliyepanga zamani analipa kidogo na hana sababu ya kuhama, hivyo fleti zinazoingia sokoni ni chache na za bei ya juu.

Ubaguzi nao upo. Sheria ya usawa ya mwaka 2006 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya asili yake, lakini mwombaji asiyejibiwa kamwe hana namna rahisi ya kuthibitisha kwamba kilichomponza ni jina lake.

Kodi ya tangazo na kodi ya mfukoni

Mkanganyiko mwingine unatokana na hesabu. Tangazo la fleti hutaja Kaltmiete, kodi tupu isiyo na huduma. Chukua mfano wa fleti ya mita za mraba 75 kwa euro 10 kwa mita. Kodi tupu ni euro 750. Ongeza gharama za joto, maji, taka na usafi wa ngazi, tuseme 200. Umeme na intaneti ni mikataba mingine, na kila nyumba hulipa euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni ya umma, iwe na televisheni au isiwe nayo. Amana ya miezi mitatu ni 2,250. Ikigawanywa kwa awamu, familia italipa euro 1,700 kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo kabla ya kununua hata mkate. Na ingawa kugawanya ni haki ya mpangaji, anayetaja awamu huku nyuma yake kuna foleni ya waombaji wengine anajua anachohatarisha. Wengi hulipa yote kwa mkupuo.

Kisha kuna jiko. Fleti nyingi hukabidhiwa tupu kwa maana halisi: jikoni kuna mabomba ukutani na tundu la umeme, basi. Sinki, makabati na jiko lenyewe alivihamisha mpangaji aliyetoka. Darini nyaya zinaning'inia palipokuwa na taa. Anayetoka akikubali kuviacha vitu vyake, huuza, na bei hiyo hujadiliwa kando ya mkataba. Kwa familia iliyofika na masanduku mawili kila mtu, fleti yenye jiko lake na isiyo nalo zinaweza kupishana kwa mamia ya euro.

Hata zile euro 200 za huduma si bei ya mwisho. Ni malipo ya awali. Hesabu kamili huletwa mara moja kwa mwaka, na mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya kipindi kwisha kuiwasilisha. Familia iliyozoea hewa ya Mombasa, ikawasha joto msimu wote wa baridi huku dirisha limeachwa wazi kidogo mchana kutwa, hukutana na deni hilo mwaka unaofuata, pengine wakati tayari imeshapangilia fedha zake kwa kazi nyingine.

Njia ya kwanza: wote kwa pamoja

Wanaotetea njia hii wanaanza na watoto. Elimu ya msingi ya Ujerumani katika majimbo mengi huisha darasa la nne, na baada ya hapo watoto hugawanywa katika shule za aina tofauti. Kila mwaka unaopotea kabla ya kujifunza Kijerumani una uzito. Tena, kwa baadhi ya aina za vibali, mtoto aliyekwisha kutimiza miaka 16 akimfuata mzazi baadaye, badala ya kuhama naye, huwekewa sharti la Kijerumani cha kiwango cha juu. Fedha nazo zina hoja: posho ya mtoto, euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto mwaka 2025, kwa kawaida hailipwi kwa mtoto anayeishi Kenya au Tanzania. Familia iliyotengana inalipa kodi mbili na kuikosa posho hiyo.

Hata sheria imelegea upande huu. Zamani aliyetaka kuileta familia alipaswa kuonyesha ana nafasi ya kutosha, kwa kawaida mita za mraba 12 kwa kila aliyezidi miaka sita na 10 kwa mtoto mdogo. Tangu Machi 2024 sharti hilo limeondolewa kwa wenzi na watoto wa wafanyakazi wenye ujuzi wanaotambuliwa na sheria. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba mshahara unatosha.

Udhaifu wake ni kwamba sharti limeondoka kwenye sheria lakini fleti haijaongezeka sokoni. Familia inayofika kwa pamoja huangukia nyumba zenye samani za kukodi kwa muda, ambazo kodi yake ni ya juu na ambazo, zikipangishwa kwa matumizi ya muda mfupi, haziguswi na sheria ya kudhibiti kodi. Baadhi ya wenye nyumba hukataa kutoa hati ya kuthibitisha kwamba mtu anaishi hapo. Bila hati hiyo, inayodaiwa kisheria tangu Novemba 2015, mtu hawezi kujiandikisha kwa serikali ya mtaa ndani ya wiki mbili kama sheria inavyotaka. Asipojiandikisha, namba ya kodi ya mapato inachelewa, na kufungua akaunti ya benki kunakuwa shida. Papa hapa ndipo matapeli wanaponasa watu: fleti nzuri kwa bei ya chini, mwenyewe yuko nje ya nchi, tuma amana utaletewa funguo kwa posta. Aliye mbali na mwenye haraka ndiye windo lao.

Njia ya pili: mmoja atangulie

Hoja ya upande huu imejengwa juu ya karatasi. Anayetangulia hukodi chumba katika fleti ya pamoja, anajiandikisha, na baada ya miezi mitatu ana hati tatu za mshahara. Baada ya miezi sita, mara nyingi, kipindi cha majaribio kazini kimekwisha, na hilo ni jambo ambalo wenye nyumba wengi huliangalia. Anaweza kwenda mwenyewe kuiona fleti, kupeana mkono na kujibu maswali. Gharama ya kukosea pia ni ndogo: kazi ikimshinda, anarudi mtu mmoja, si watu wanne waliouza samani zao na kuwatoa watoto shuleni.

Lakini muda wa kutengana una tabia ya kurefuka. Foleni za viza, vyeti vya kuthibitishwa na msako wa fleti huongezana, na "miezi sita" inageuka mwaka na nusu. Mwenzi aliyebaki analea peke yake, na mara nyingi ameacha au amepunguza kazi kwa kudhani ataondoka karibuni. Aliyetangulia naye huzoea maisha ya chumba kimoja na kupitisha miezi bila kusaka fleti kwa bidii, kwa sababu hakuna kinachomsukuma. Njia hii inafaa ikiwa ina tarehe ya mwisho. Isiyo na tarehe ni utengano uliopewa jina zuri.

Njia ya tatu: nyumba ya mwajiri

Hospitali na kampuni kadhaa zina mabweni au fleti za wafanyakazi. Faida yake ni kubwa kwa mgeni: mwajiri anamjua, hadai Schufa, na hati ya kujiandikisha hutolewa bila mvutano. Kwa waliozoea ajira za nchi za Ghuba, ambako malazi mara nyingi huwa sehemu ya mkataba, jambo hili linaonekana la kawaida.

Tofauti ni kwamba nyingi za nafasi hizo zimepangwa kwa mtu mmoja. Muuguzi anapata chumba, bafu la pamoja na jiko la ghorofa. Watoto hawamo kwenye hesabu. Pia, nyumba ikifungwa na kazi, kuacha kazi kunatikisa makazi, na sheria inaruhusu notisi fupi zaidi kwa nyumba za aina hii. Mfanyakazi anayeogopa kupoteza chumba ni mgumu kulalamikia zamu nyingi.

Hapa wanafunzi wa uuguzi wanahitaji angalizo lao. Posho ya mafunzo ya mwaka wa kwanza katika hospitali za umma mwaka 2025 ilikuwa takriban euro 1,400 kabla ya makato. Ukiirudia hesabu ya fleti ya mita 75 hapo juu, ni wazi kwamba posho hiyo haiwezi kuibeba familia, wala haitoshi kuthibitisha kipato mbele ya ofisi ya uhamiaji. Wakala anayemwahidi mwanafunzi kwamba mke na watoto watamfuata mwaka ule ule anauza kisichokuwepo.

Mji mkubwa au mdogo?

Swali hili linakatiza njia zote tatu. Munich, kodi tupu kwa mikataba mipya imevuka euro 20 kwa mita. Chemnitz, katika jimbo la Saxony, ni takriban 6 au 7. Fleti ya mita 70 inakuwa euro 1,400 upande mmoja na chini ya 500 upande wa pili, na amana zinapishana kwa karibu euro 2,800. Chanzo ni historia: baada ya muungano wa 1990, watu wengi walihamia magharibi, na tangu mwaka 2002 mpango wa serikali umebomoa mamia ya maelfu ya fleti zilizobaki tupu mashariki. Huko nafasi za chekechea pia ni rahisi kupata, wakati magharibi haki ya mtoto aliyetimiza mwaka mmoja kupata nafasi, iliyoanza Agosti 2013, mara nyingi hubaki kwenye karatasi.

Wanaopinga wana majibu mazito. Chemnitz hiyo hiyo iliona maandamano na mashambulizi dhidi ya wageni mwaka 2018. Mwenzi anayetafuta kazi au darasa la Kijerumani ana milango michache zaidi. Hakuna kanisa au msikiti wenye watu wa kwao, hakuna msusi anayezijua nywele zake, na unga wa sembe unaagizwa. Tiketi ya taifa ya usafiri wa umma, iliyoanza kwa euro 49 Mei 2023 na kufika 58 mwaka 2025, inawezesha kukaa mbali na kazi, lakini zamu ya saa kumi na mbili asubuhi haisubiri treni ya kijijini.

Baada ya funguo

Uchambuzi mwingi huishia kwenye kusaini mkataba, ilhali migogoro mingi huanza hapo. Kwanza ni jina kwenye sanduku la barua. Kadi ya benki, namba ya kodi ya mapato, kadi ya bima ya afya na barua za ofisi ya uhamiaji huja kwa posta. Jina lisipokuwepo kwenye sanduku na kengele, mleta barua huzirudisha zilikotoka. Kwenye familia ambayo mke na mume hawatumii jina moja la ukoo, majina yote yabandikwe.

Pili ni hati ya makabidhiano. Siku ya kupokea funguo, namba za mita, idadi ya funguo na kila mkwaruzo huandikwa na kupigwa picha. Hiyo ndiyo karatasi itakayoamua amana irudi yote au nusu siku ya kutoka. Tatu ni kuvu. Nyumba zilizozibwa vizuri dhidi ya baridi hushika unyevu wa mapishi ya mvuke na nguo zinazoanikwa ndani. Mwenye nyumba atasema mpangaji hafungui madirisha. Mpangaji atasema ukuta ni mbovu. Anayefungua madirisha wazi kabisa kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku, kisha akayafunga, ana hoja. Vyama vya wapangaji, vilivyopo karibu kila mji, humsaidia mwanachama kwa ada ndogo ya mwaka, na ni msaada wa bei nafuu kuliko wakili.

Kupima

Tukirudi kwenye mzizi, kila njia ni namna ya kununua imani ya mwenye nyumba. Familia inayokuja pamoja inainunua kwa fedha, kupitia kodi ya juu ya fleti ya muda. Anayetangulia anainunua kwa muda wa kutengana. Anayekaa kwa mwajiri anainunua kwa uhuru wake. Anayekwenda mji mdogo anainunua kwa kuwaacha watu wake na fursa za mwenzi. Hakuna anayeipata bure.

Kwa familia nyingi zenye watoto wadogo na akiba ya wastani, hoja za njia ya pili ndizo nzito, mradi kikomo kiandikwe tangu mwanzo: miezi sita, na msako wa fleti uanze hati ya tatu ya mshahara inapotoka. Nyumba ya mwajiri inafaa kuwa daraja la miezi hiyo. Kwa familia yenye mtoto anayekaribia miaka 16, au anayekaribia mwisho wa elimu ya msingi, mizani inaelemea kuhama pamoja, hata kwa fleti ya muda, kwa sharti kwamba ahadi ya hati ya kujiandikisha iwe kwa maandishi kabla ya senti kutumwa. Kuhusu mji, kodi isipimwe peke yake. Ipimwe pamoja na kazi ya mwenzi, kwani mshahara wa pili katika mji wa bei ghali unaweza kuzidi nafuu yote ya mji wa bei rahisi.

Kwa muhtasari

Ugumu wa nyumba Ujerumani unatokana na uhaba, na pia na sheria nzuri inayomlinda mpangaji kiasi cha kumfanya mwenye nyumba aogope asiyemjua. Dawa yake ni karatasi, na karatasi zinahitaji muda. Kodi inayotangazwa si inayolipwa: amana, jiko na hesabu ya mwaka ziwekwe kwenye bajeti kabla ya tiketi za ndege kukatwa. Kutangulia mmoja kwa muda wenye kikomo kunazifaa familia nyingi. Umri wa watoto ndio unaoweza kuligeuza jibu hilo. Na mwanafunzi wa uuguzi asiifanyie posho yake hesabu ya mshahara. Makubaliano ya Berlin yalirahisisha safari ya mfanyakazi. Makazi ya familia bado yanaamuliwa na akiba yake, umri wa wanawe na subira ya mwenzi aliyebaki nyumbani, na mambo hayo matatu kila nyumba inayajua yenyewe kuliko mshauri yeyote.